Ini Hunyamaza Hata Linapoharibika

UKIMWULIZA mtu akuonyeshe ini lake lilipo, huenda akaweka mkono karibu na kitovu. Ini haliko hapo. Liko upande wa kulia, juu ya tumbo, limejificha chini ya mbavu. Kwa mtu mzima lina uzito wa karibu kilo moja na nusu, na ndicho kiungo kikubwa kuliko vyote vilivyo ndani ya mwili.

Wiki hii tutaeleza jinsi ini lilivyoundwa, mambo yanayoliharibu, na kwa nini wagonjwa wengi wa saratani ya ini hufika hospitalini wakiwa wamechelewa.

NJIA MBILI ZA DAMU

Ini hupata damu kwa njia mbili. Ya kwanza ni ateri, ambayo huleta damu yenye oksijeni kutoka moyoni. Ya pili ni mshipa mkubwa unaokusanya damu kutoka tumboni, kwenye matumbo na kwenye wengu. Mshipa huu ndio unaoleta karibu robo tatu ya damu yote inayoingia katika ini.

Hii ina maana kwamba sehemu kubwa ya yale unayomeza, yawe chakula, dawa, pombe au sumu, hupita katika ini kabla ya kusambazwa mwilini. Ini huweka akiba ya sukari, hutengeneza nyongo na protini za kugandisha damu, na huvunja sumu. Lakini njia hiyo hiyo hupitisha pia maradhi. Saratani iliyoanzia katika utumbo mpana, kwa mfano, mara nyingi huenea kwanza hadi kwenye ini.

SEHEMU NANE

Ukilitazama kwa macho, ini lina pande mbili: kubwa ya kulia na ndogo ya kushoto. Hata hivyo, mwaka wa 1957 daktari Mfaransa Claude Couinaud alieleza kwamba kwa ndani limegawanyika katika sehemu nane, kila moja ikiwa na tawi lake la mishipa ya damu na mfereji wake wa nyongo. Ndiyo maana daktari wa upasuaji anaweza kukata sehemu moja yenye uvimbe bila kuzinyima damu zile zilizobaki.

Isitoshe, ini lina uwezo wa kukua tena. Mtu mwenye ini zima anaweza kukatwa hata theluthi mbili ya ini lake, na sehemu iliyobaki ikaongezeka ukubwa katika muda wa wiki au miezi michache. Lakini ini lililojaa makovu halina uwezo huo. Makovu hayo, ambayo madaktari huyaita sirosisi, ndiyo huwafanya madaktari wakatae kumpasua mgonjwa ambaye uvimbe wake ungeweza kuondolewa.

KWA NINI HALIUMI?

Nyama ya ini yenyewe haina neva za kuhisi maumivu. Kinachouma ni ganda jembamba linaloifunika, nalo huuma linapovutwa na uvimbe mkubwa. Aidha, kwa kuwa ini lina akiba kubwa, mtu anaweza kupoteza sehemu kubwa na bado akaenda kazini kama kawaida.

Dalili zinapotokea, mara nyingi ugonjwa umeendelea sana: macho kugeuka manjano, tumbo kujaa maji, mwili kukonda, uvimbe mgumu chini ya mbavu za kulia, au kutapika damu.

MAADUI WA INI

Adui wa kwanza ni virusi vya homa ya ini ya aina ya B. Virusi hivi huenezwa kwa damu, kwa kujamiiana na kutoka kwa mama hadi kwa mtoto anapozaliwa. Haviambukizwi kwa kusalimiana wala kula pamoja. Kati ya watoto 10 wanaoambukizwa wakiwa wachanga, karibu 9 hubaki navyo maishani, hali watu wazima wengi hupona wenyewe. Virusi hivi vinaweza kuleta saratani hata kabla ini halijapata makovu.

Adui wa pili ni aflatoksini, sumu itokanayo na kuvu ya mahindi na njugu zilizohifadhiwa zikiwa na unyevu. Wakenya wanaikumbuka vizuri. Mwaka wa 2004, katika maeneo ya Makueni, Kitui na jirani zake, watu 317 waliugua na 125 wakafariki. Kiasi kidogo hakiui papo hapo, lakini kikiliwa miaka mingi huleta saratani ya ini. Mtu mwenye virusi vya B na ambaye pia hula sumu hii yumo katika hatari kubwa zaidi. Kupika hakuiondoi.

Wa tatu ni pombe, iwe ya chupa au chang'aa. Pia wako virusi vya aina ya C, unene wa kupita kiasi na ugonjwa wa kisukari. Hata paracetamol, ikimezwa kupita kiasi, huua chembechembe za ini.

SI KILA UVIMBE NI SARATANI

Usikate tamaa daktari akikuambia kuna uvimbe. Mwingine ni fundo la mishipa ya damu lisilo na madhara. Mwingine ni jipu la amiba, ambalo hutibiwa kwa dawa. Huko Turkana, ugonjwa unaojulikana sana ni uvimbe wa maji unaoletwa na mnyoo wa mbwa. Picha ya altrasaundi na vipimo vya damu husaidia kuutambua.

UFANYE NINI?

Kwanza, pimwa damu ujue kama una virusi vya B. Kama huna, chanjwa. Mtu mzima hupewa sindano tatu katika muda wa miezi sita. Nchini Kenya watoto wamekuwa wakipata chanjo hii katika kliniki tangu mwishoni mwa 2001, kwa hiyo wengi waliozaliwa kabla ya hapo hawakuipata.

Pili, kama unavyo, vipo vidonge vya kuvituliza, na walio hatarini hupigwa picha ya ini kila baada ya miezi sita. Virusi vya C navyo siku hizi huponywa kwa vidonge katika muda wa wiki 8 hadi 12.

Tatu, nunua mahindi makavu, na yale yenye kuvu yatupe. Usiyapeleke kusagwa wala kuyatengenezea busaa.

Uvimbe ukionekana ungali mdogo, katika ini lisilo na makovu, upasuaji unaweza kuuondoa kabisa. Ukisubiri mpaka usikie maumivu, nafasi hiyo huenda ikawa imekwisha.