Somo: Mzazi Mpya na Watu wa Nyumba Yake

Wakatekumeni wapendwa, leo twafundisha juu ya jambo mnalolijua ninyi nyote: kuzaliwa kwa mtoto wa kwanza. Siku ile watu hufurahi, nao husema, "Mama ameokoka." Ni kweli, uchungu umekwisha. Lakini kazi nyingine imeanza, nayo si ya mama peke yake. Msichana wa jana amekuwa mama, kijana amekuwa baba, na mama wa kijana amekuwa nyanya. Wote watatu ni wageni katika kazi hiyo, na kwa sababu hiyo hukosana upesi.

MFANO

Hadithi hii tumeitunga kwa kufundisha tu, lakini mambo yanayofanana nayo huonekana katika nyumba nyingi.

Mke wa mvuvi mmoja wa Baraka alijifungua mtoto wa kiume katika kituo cha afya. Mkunga akamwagiza, "Mpe ziwa tu. Usimpe maji wala uji mpaka atimize miezi 6." Alirudi nyumbani wakati wa giza, siku ambazo wavuvi hutoka kila usiku na taa zao kutafuta ndakala. Basi bwana wake alikesha ziwani, na mchana alilala. Mzazi alibaki na mama mkwe.

Siku ya tatu jua lilikuwa kali, mtoto akalia sana. Mama mkwe akaleta maji katika kijiko, akasema, "Mtoto ana kiu." Mzazi akajibu, "Mama, mkunga amekataza." Mama mkwe akaweka kijiko chini, akatoka nje bila neno. Tangu hapo ugali wa muhogo na sombe vililetwa kila siku, lakini sahani iliachwa mlangoni. Mzazi alilia usiku, akidhani kwamba amechukiwa. Bwana alisikia manung'uniko ya huku na ya huku, akanyamaza, akachukua nyavu zake akaenda.

Ikafika mbalamwezi, wavuvi wakapumzika. Usiku mmoja bwana alimpakata mtoto ili mkewe apate kulala, akamwuliza mama yake kwa upole, "Mama, kwa nini maji yale ni neno kubwa kwako?"

Mama akakaa kimya kitambo. Kisha akasema, "Mwaka 1996, vita vilipofika, nilivuka ziwa hili katika mtumbwi, nawe ulikuwa na majuma mawili. Nilikuwa sijala siku tatu. Ulilia, nami nilidhani maziwa yamekauka. Mwanamke nisiyemjua akakunywesha maji kwa kiganja chake, ukanyamaza. Tulifika ng'ambo, tukakaa kambini Nyarugusu, nawe ulikuwa hai. Tangu siku ile siwezi kusikia mtoto akilia nisimletee maji."

Mzazi alikuwa macho nyuma ya pazia, akayasikia yote. Kulipokucha alimwendea mama mkwe, akapiga magoti, akasema, "Mama, sikujua. Nifundishe kumwogesha mtoto, maana mikono yangu yatetemeka." Mama mkwe akamwinua. Maji aliendelea kuyaleta, lakini si kwa mtoto tena: kila mtoto aliponyonya, alimletea mzazi kikombe.

MAFUNDISHO

1. Juu ya maziwa. Mkunga alisema kweli. Zaidi ya sehemu nane katika kumi za maziwa ya mama ni maji. Kwa hiyo hata wakati wa jua kali mtoto anyonyaye hana haja ya maji mengine. Tumbo lake ni dogo: likijaa maji, atanyonya kidogo, akinyonya kidogo, maziwa nayo yatapungua. Tena kando ya Ziwa Tanganyika ugonjwa wa kipindupindu hurudi mara kwa mara, na maji machafu ni njia yake. Mtoto awekwe ziwani katika saa ya kwanza. Maziwa ya manjano ya siku za kwanza yasikamuliwe na kutupwa, kwa maana ni kinga yake ya kwanza. Baada ya miezi 6 apewe uji na vyakula laini, naye aendelee kunyonya hata miaka 2 au zaidi.

2. Juu ya nyanya. Wengi wa wanawake wa Fizi walizaa na kulea katika ukimbizi, na wengi walirudi kwa meli hadi Baraka tangu mwaka 2005. Wanayoyashika leo waliyashika siku za hatari. Usimwite mjinga aliyekulelea bwana wako. Umwulize kwanza, kisha umweleze.

3. Juu ya baba. Kunyamaza si amani. Baba hana maziwa, lakini ana mikono na ana kinywa. Achote maji, ampakate mtoto, na awapatanishe mama yake na mke wake kabla neno dogo halijawa kubwa.

4. Juu ya huzuni. Mzazi huweza kulia bila sababu siku za kwanza. Huo si uvivu wala si uchawi. Kwa kawaida huzuni hiyo hupita kabla ya majuma mawili. Ikizidi, au mzazi akikataa kula, au akisema ataka kufa, ni ugonjwa: asiachwe peke yake, apelekwe kwa mganga wa hospitali. Vivyo hivyo akitokwa na damu nyingi, akiwa na homa, au akishikwa na degedege, msingoje kesho.

Tukumbuke pia Bikira Maria: alikwenda kwa Elizabeti mwenye mimba, akakaa naye yapata miezi mitatu.

MASWALI

Swali: Mama mkwe alileta maji kwa chuki?
Jibu: La. Aliyaleta kwa hofu na kwa upendo.

Swali: Basi mzazi alikosa kukataa?
Jibu: Hakukosa kukataa maji, wote wawili walikosa kuacha kuongea.

Swali: Ni nani aliyefungua njia ya amani?
Jibu: Baba wa mtoto, alipouliza kwa upole na kusikiliza hata mwisho.

Kazi ya juma hili: Kila mmoja amwulize mama yake au nyanya yake, "Siku nilipozaliwa mimi, au mama yangu, ni nani aliyekusaidia?" Asimkatize.