Ikishapita kwa Fundi, Usiipeleke Mtoni

 

Leo naanza na mdogo wangu wa bodaboda aliyeniletea malalamiko akiwa bado ana hasira. Nayafupisha. "Dada, simu yangu ni ya kuzuia maji, niliinunua kwa hela ya maana. Kioo kikapasuka, fundi akabadilisha, kikawaka kama kipya. Juzi nimenyeshewa barabarani, simu iko mfuko wa shati, na mpaka leo haiwaki. Fundi anasema si yeye, ni maji. Muuzaji anasema si yeye, ni fundi. Hapo nani mwongo?"

Mura, hapo hakuna mwongo. Hapo kuna gundi.

Simu haizaliwi na ngozi ya samaki. Kinachozuia maji ni vitu vidogo ambavyo wengi wetu hatujawahi kuviona. Kuna utepe mwembamba wa gundi unaozunguka kioo chote, na mwingine unaoshika mgongo. Kuna viraba kwenye kitrei cha laini, kwenye vitufe na kwenye tundu la chaji. Halafu kuna vichujio vyembamba mbele ya spika na maiki, vinavyoruhusu hewa na sauti vikakataa tone la maji. Basi, kinga yote ndiyo hiyo. Siku fundi anapoipasha simu moto na kuinua kioo, ule utepe wa gundi unakatika, na ukishakatika haujirudi wenyewe. Kioo kipya kitawaka, picha zitang'aa, lakini mlango wa maji unaweza kuwa wazi na wewe huuoni.

Msidhani nawasema ninyi tu. Mwenzenu yalinikuta. Nilikuwa nafua, simu nimeiegemeza kwenye ndoo inapiga muziki. Ikateleza, ikatumbukia kwenye beseni la maji ya sabuni. Hata sikushtuka! Nikaiokota kwa madaha, nikaifuta kwa khanga, nikaendelea kufua, maana kwenye boksi lake paliandikwa IP68. Nilichosahau ni kwamba miezi miwili nyuma nilikuwa nimebadilisha betri kwa fundi mmoja, na mgongo ulirudishwa kwa gundi ya kupakapaka. Kufika jioni spika inakoroma. Asubuhi yake kioo kimekuwa cheusi tii. Sikumlaumu fundi, kwa sababu sikuwa nimemuuliza chochote kuhusu maji.

Sasa tuzisome zile herufi, kwa sababu wengi tunazitaja bila kuzielewa. IP ni kipimo cha kimataifa. Tarakimu ya kwanza ni ya vumbi, inaanzia 0 hadi 6, na 6 maana yake vumbi haliingii kabisa. Tarakimu ya pili ni ya maji. 4 ni kurushiwa matone kutoka pande zote. 7 ni kuzama mita 1 kwa dakika 30. 8 ni kuzama zaidi ya hapo, kwa kina na muda anaotaja mtengenezaji mwenyewe. Kwa hiyo simu mbili zenye IP68 zinaweza kutofautiana: Galaxy S7 ya mwaka 2016 ilitajiwa mita 1.5 kwa dakika 30, iPhone 12 ikatajiwa mita 6 kwa dakika hizohizo 30. Na simu nyingi za bei ya kawaida tunazonunua sisi ama zina IP54, yaani manyunyu tu, ama hazina kipimo chochote. Muuzaji akikwambia "hii haiingii maji", mwombe akuonyeshe imeandikwa wapi.

Halafu kumbukeni, kipimo hicho hufanyika maabara. Maji ni safi na yametulia, simu ni mpya na haijawahi kuanguka. Je, maisha yetu yanafanana na maabara? Hapa kwetu kuna vumbi la malori ya njia ya Nyamongo, kuna unga wa mawe kwenye karasha, kuna tope la mialo ya kuchenjulia dhahabu, kuna simu inayolala juani kwenye tenki la pikipiki mchana kutwa. Joto huchosha gundi. Kila simu inapoanguka, fremu inaweza kupinda kidogo. Betri ikianza kuvimba husukuma mgongo ukaachia. Sabuni nayo ni mjanja, hulainisha maji yakapenya mahali ambapo maji matupu yangegoma. Na kuzama taratibu si sawa na kupigwa na maji kwa nguvu: simu iliyopimwa kwa kuzamishwa haikupimwa kwa mpira wa kuoshea pikipiki.

Wenye kampuni wenyewe wanalijua hili. Apple huandika wazi kwamba kinga ya maji si ya kudumu na hupungua kadiri simu inavyotumika, na dhamana yao ya kawaida haigusi uharibifu wa maji. Mwaka 2020 mamlaka ya ushindani ya Italia iliitoza kampuni hiyo faini ya yuro milioni 10 kwa namna ilivyozitangaza simu zake kuhusu maji. Mwaka 2022 mahakama ya Australia ikaitoza Samsung ya kule dola milioni 14 za nchi hiyo, kwa sababu matangazo yake yaliwaonyesha watu simu zikiwa kwenye mabwawa na baharini, kumbe tundu la chaji lingeweza kuliwa na kutu likichajiwa likiwa na unyevu. Kama tangazo la kampuni kubwa limepelekwa mahakamani, wewe utaliamini boksi mpaka lini?

Turudi kwa fundi, maana ndiko mdogo wangu alikoumia. Simjengei fundi chuki. Mafundi wetu wanafufua simu ambazo kwingine zingetupwa jalalani. Tatizo ni kwamba tunamuuliza bei na muda tu: "Shilingi ngapi, na naipata saa ngapi?" Kuanzia leo, kabla hajaifungua, muulize na haya.

Muulize kama ana utepe wa gundi uliokatwa kwa umbo la simu yako hasa, au atatumia ile gundi ya tyubu, B-7000. Ya tyubu inashika, sikatai, ila kuizungusha ikae sawasawa bila kuacha mwanya ni kazi ya mkono uliotulia. Muulize kama ataikwangua gundi ya zamani na kupafuta kwa spiriti, kwa sababu gundi mpya juu ya gundi kuukuu na vumbi ni sawa na kupaka rangi juu ya tope. Muulize kama vile viraba na vichujio vya spika vitarudi mahali pake au vitabaki mezani. Mwisho, muulize simu itabanwa kwa muda gani. Gundi ya tyubu hutaka siku nzima au mbili kukomaa. Ukiichukua baada ya nusu saa kwa sababu una abiria wa Tarime, umeondoka na simu mbichi.

Najua wengine mtanijibu, "Dada, huyo fundi wa kunijibu yote hayo nitampata wapi?" Ni kweli, kioo tunachomudu mara nyingi ni kopi, na mashine ya kupima kama simu imeziba si kila banda linayo. Basi chukua kanuni hii, haina gharama: simu ikishafunguliwa, ihesabu kuwa haina kinga ya maji mpaka uonyeshwe vinginevyo. Wala usiijaribu kwa kuitumbukiza kwenye ndoo "nione"! Ukitaka kuikagua, pitisha ukucha ukingoni kwa kioo na mgongo. Ukucha ukikwama, au ukiona mwanga unapenya au mgongo unabonyea, maji nayo yatapaona hapohapo.

Kinga ya kweli kwa wengi wetu ni ya nje. Zamani tuliviringisha simu kwenye mfuko wa rambo, lakini mifuko hiyo ilipigwa marufuku nchini tarehe 1 Juni 2019. Kuna vifuko vya simu vyenye kibanio juu, vya kuvaa shingoni. Kabla ya kukiamini, weka karatasi kavu ndani, kizamishe kwenye ndoo, ukitoe utazame. Kama karatasi imelowa, umepata hasara ya kifuko tu. Wa bodaboda, simu isikae mfuko wa shati msimu wa masika. Wa mialoni na wa kuchota maji mtoni, kitochi ndicho kishuke nanyi, tachi ibaki nyumbani.

Na ikiingia maji je? Izime mara moja. Kinachoua simu haraka ni umeme na maji kukutana, kwa hiyo usiiwashe kuangalia kama bado nzima, na usiichaji kabisa. Toa laini na kava. Igeuze tundu la chaji litazame chini, uigongegonge taratibu kwenye kiganja. Iache mahali penye upepo, si juani wala karibu na jiko. Na mchele, wadogo zangu, upikeni mle. Hauyavuti maji yaliyo ndani ya simu, ila unga wake huingia kwenye matundu. Kama simu iliwahi kufunguliwa, au maji yenyewe yalikuwa ya tope au sabuni, usisubiri ikauke yenyewe. Ipeleke kwa fundi siku hiyohiyo aifungue na kuisafisha kwa spiriti safi, kabla kutu ya kijani haijaanza kula bodi. Maji yanaweza kukauka, uchafu wake ukabaki.

Halafu msipige yowe kwamba hela imezama. Hela yako ya M-Pesa au Airtel Money haimo ndani ya simu, iko kwenye akaunti yako ya mtandao. Hamishia laini kwenye kitochi, utatuma na kutoa kama kawaida. Zitakazopotea ni picha na namba ambazo hukuzihifadhi kwingine, na hizo zihifadhi leo, simu ikiwa bado kavu.

Mdogo wangu wa bodaboda, nimekujibu kwa mzunguko, nivumilie. Muuzaji aliuza simu iliyokuwa na kinga siku aliyokuuzia. Fundi alitengeneza alichoombwa, nacho ni kioo. Maji yakaingia palipokuwa wazi. Kati yenu watatu hakuna aliyeitaja gundi, basi mvua ikaitaja.

Mimi juzi nimepeleka nyingine, tundu la chaji lilikuwa limelegea. Nikamuuliza fundi: ukiifungua, itarudi kuzuia maji? Akaitazama, akaniambia, "Dada, nitaifunga vizuri, lakini maji sikuhakikishii." Jibu hilo ndilo lililonifanya nimwachie simu. Sasa hivi nafua, na simu iko kabatini.