Mazoezi ya pamoja Bariadi: mfikirie aliye mstari wa nyuma

Mazoezi ya pamoja hapa Bariadi, mkoani Simiyu, hufanyika popote panapopatikana: uwanja wa halmashauri, kiwanja cha shule, ukumbi uliokodiwa jioni kwa saa moja, na barabarani alfajiri kabla malori hayajaanza kupita. Kundi lina mwalimu mwenye filimbi, spika moja, na watu wa kila umri na kila umbo. Nimekaa kwenye makundi haya muda wa kutosha kuona nani anaendelea kuja na nani anapotea, na nimeamini kwamba wengi wanaopotea tunawafukuza sisi wenzao. Adabu ninazoziandika hapa nimezipima kwa swali moja: zinamtendeaje mtu aliyekuja leo kwa mara ya kwanza?

Mtu huyo namjua. Mara nyingi ni mama wa miaka hamsini hivi, mwalimu wa shule ya msingi au mfanyabiashara wa sokoni, ambaye kliniki wamemwambia presha imepanda au sukari haikai sawa. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima apate walau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na kwa aliye peke yake nyumbani dakika hizo huwa ndefu mno. Kundi huzifupisha. Desemba 2016, Samia Suluhu Hassan akiwa Makamu wa Rais, ilizinduliwa kampeni ya mazoezi dhidi ya magonjwa yasiyoambukiza, na Jumamosi ya pili ya kila mwezi ikatengwa kwa kazi hiyo. Watumishi walitoka maofisini na raba zao, raia wengine wakafuata. Ila mama huyu pengine hajavaa raba tangu amalize shule. Amefika na khanga juu ya suruali ya mazoezi, anatafuta pa kusimama, na anahisi kila jicho liko kwake.

Kwanza, fika mapema. Dakika za mwanzo za kupasha mwili ndizo zinazolinda magoti na kiuno, na ndizo mwalimu anazotumia kuuliza nani ana tatizo gani. Ukiwa na presha, pumu au ujauzito, au umefanyiwa upasuaji karibuni, mfuate mwalimu pembeni umwambie kwa sauti ya chini. Mwenye kisukari anayetumia dawa aje na kitu cha sukari mfukoni, na jirani yake ajue kipo. Mwalimu naye asiulize mbele ya wote, "Nani hapa ana ugonjwa?" Hakuna atakayeinua mkono.

Kuchelewa kuna shida yake katika mkoa huu. Usukumani salamu ni jambo zito. Kumpita mzee bila kumwamkia, bila hata "mwangaluka" ya asubuhi, ni utovu wa adabu, kwa hiyo anayechelewa hujikuta anapita mstari mzima akishika mikono, na mazoezi yanasimama. Mimi hufanya hivi: nainamisha kichwa kidogo, nainua mkono kwa wote, naenda pembeni kupasha mwili mwenyewe kwa dakika chache, kisha naingia nyuma. Salamu kamili naitoa tukimaliza, na naanza na wazee. Sijaona mzee aliyekasirika kwa hilo. Wanaelewa kuwa heshima imeahirishwa tu, na italipwa.

Sasa pa kusimama. Nyoosha mikono pande zote mbili na ugeuke. Usipomgusa mtu, hapo panakutosha. Mstari wa mbele ni wa wanaozijua hatua, kwa sababu walio nyuma wanaiga migongo yao. Mgeni asijifiche nyuma kabisa, maana huko hamwoni mwalimu na akikosea hana wa kumtazama. Mweke mstari wa pili au wa tatu. Akikataa kwa aibu, na wengi hukataa, basi mzoefu mmoja aache nafasi yake ya mbele akasimame naye huko huko nyuma. Naona hili ndilo jambo moja kubwa ambalo mzoefu anaweza kulifanya, na halihitaji ruhusa ya mtu.

Mstari wa mbele hautolewi kwa cheo pia. Kwenye mabonanza yetu kiongozi huwekwa mbele hata kama hajui hatua, na mstari mzima unayumba nyuma yake. Mheshimiwa akija na raba, amekuja na mwili wake kama sisi. Asimame anapoona vizuri. Na hotuba ya mgeni rasmi iwe kabla ya kupasha mwili au baada ya kupoza. Ikiwekwa katikati, miili iliyopata joto inapoa kwa dakika ishirini halafu inaamriwa kuruka, na wanaoumia ni wenye umri mkubwa.

Mdomo ndio unaoharibu zaidi. Kwetu kumwambia mtu "umenenepa" kunaweza kuwa pongezi: umekula, umetunzwa, mambo yako yanakwenda. Uwanjani maneno hayo hayo yanabadilika. Aliyekuja kwa sababu ya uzito wake hahitaji kusikia mtu akisema, "Mama leo ardhi itatikisika," hata kama wote wanacheka na yeye anacheka. Anacheka kwa sababu hana la kufanya, na wiki ijayo hutamwona. Pongezi za kupungua nazo zina hatari yake. Kuna anayepungua kwa ugonjwa. Sifu anachokifanya. "Leo umemaliza mzunguko wote, dada," inatosha sana.

Kusahihisha ni kazi ya mwalimu. Ukiona jirani anapinda mgongo vibaya na anaweza kuumia, mwambie taratibu au mwashirie mwalimu, kisha urudi kwenye mwili wako. Mwalimu mwenyewe mara nyingi ni kijana anayewaongoza watu wa umri wa wazazi wake. Anayejua kazi yake husema, "Mama, nakuomba unyooshe mgongo," na akitaka kumshika mtu bega au kiuno humwomba kwanza na kusubiri jibu. Sisi wakubwa tuna wajibu wetu: tukubali kufundishwa na kijana bila kumkumbusha kwamba tulimwona akizaliwa.

Simu nazo. Kuna mama mmoja, mwalimu mwenye kisukari, katika kundi nililowahi kuwamo ambaye mwenzetu alimrekodi akihangaika na zoezi la tumbo, akaweka video kwenye status ya WhatsApp na alama za kicheko. Kufikia mchana ilikuwa imefika kwa wanafunzi wake. Hakurudi tena, na sukari yake haikungoja kundi lijirekebishe. Tangu hapo nashikilia msimamo huu kila ninapopewa nafasi ya kusema: picha zipigwe mwishoni, watu wakiwa wamesimama na wamekubali, na asiyetaka aondoke kwenye fremu bila kuulizwa sababu. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, lakini hata kama isingekuwapo, mwili wa mtu aliyelala chali anahema si mali ya kundi. Nje ya picha hizo, simu ikae kimya mfukoni. Anayesubiri simu ya mgonjwa amwambie mwalimu, akae ukingoni, atoke nje kupokea.

Makundi ya jogingi yana adabu zake za ziada, kwa sababu barabara si yetu peke yetu. Jua la Bariadi huchomoza takriban dakika 20 baada ya la Dar es Salaam, hivyo saa kumi na moja na nusu alfajiri bado ni giza totoro. Vaeni rangi zinazong'aa, kimbieni upande ambao mnayaona magari yakija, na msitande barabara nzima. Kwenye barabara ya Lamadi kwenda Maswa, msimu wa pamba, lori lililojaa halisimami upesi kwa sababu ya filimbi yenu. Ng'ombe wakienda malishoni wapisheni. Mchungaji ana kazi, nanyi mna mazoezi. Kiangazi kuna vumbi, kwa hiyo walio mbele wasiburute miguu. Masika udongo mweusi wa mbuga unanasa raba na kutegua vifundo, na hapo ni busara kubaki kwenye lami au kuhamia ukumbini.

Mchakamchaka bila nyimbo haunogi, nami nazipenda kwa dhati. Anayeimbisha ndiye anayeshika kasi ya kundi. Wakulima wa hapa wanalijua hilo tangu zamani: katika bugobogobo, ngoma ndiyo iliyopanga mwendo wa majembe ili shamba lilimwe kwa pamoja. Basi anayeimbisha aimbe kwa kasi ya aliye mkiani, si ya miguu yake. Nyimbo za matusi na za vijembe vya siasa ziachwe nyumbani, kwa kuwa kundi lina watu wa kila upande. Mkipita karibu na hospitali, nyumba ya ibada au nyumba yenye msiba, nyamazeni mpaka mvuke. Na mzoefu mmoja akae nyuma ya wote, hata ikiwa wa mwisho anatembea.

Kuna wanaoleta ushindani. Mkoa wetu unapenda mbio. Katika miaka ya Anthony Mtaka, mkuu wa mkoa aliyekuwa pia rais wa Riadha Tanzania, Simiyu Jambo Festival ilikusanya wapanda baiskeli na wakimbiaji mjini hapa, na wengi tulisisimka. Huo ni uwanja wa washindi na una heshima yake. Darasa la asubuhi lina kipimo kingine: ukiweza kuzungumza huku unafanya zoezi lakini huwezi kuimba, kasi hiyo ya wastani inakutosha. Anayetaka zaidi aongeze mizunguko baada ya wenzake kumaliza.

Yoga imeanza kuingia kidogo kidogo, hasa katika mazoezi ya kunyoosha mwishoni. Umoja wa Mataifa uliitangaza 21 Juni kuwa Siku ya Kimataifa ya Yoga mwaka 2014, na video za simu zimefanya yaliyobaki. Aliyelelewa kwenye mkeka hahitaji somo refu: viatu vinavuliwa, na mkeka wa mwenzako haukanyagwi. Futa jasho lako, na punguza marashi, kwa kuwa ukumbi ni mdogo na watu wanavuta pumzi ndefu. Dakika za kulala kimya mwishoni ni sehemu ya darasa; mwenye haraka aondoke kabla hazijaanza. Kuna Waislamu na Wakristo wanaohofu kwamba yoga ni ibada. Mwalimu aeleze kila mkao unafanya nini kwa misuli na pumzi, na anayechagua kukaa pembeni au kunyoosha kwa njia yake asichekwe wala kuhubiriwa.

Ratiba pia ni suala la adabu. Kanda ya Ziwa ina Wasabato wengi, na Jumamosi yao ni ya ibada, kwa hiyo bonanza la Jumamosi ya pili haliwezi kuwa kipimo cha nani ni mwanachama wa kweli. Kundi lenye busara lina siku nyingine ya katikati ya wiki yenye uzito ule ule. Mwezi wa Ramadhani, wanaofunga wapewe zoezi jepesi karibu na magharibi au baada ya futari, na chupa za maji zisipitishwe mbele ya nyuso zao.

Michango ya spika, maji na posho ya mwalimu lipa kwa wakati, na kama huna, mweleze mweka hazina mapema. Orodha ya wadaiwa isisomwe uwanjani. Mkimaliza, okoteni chupa, rudisheni viti vya ukumbi, na watu wawili wawili wawasindikize akina mama wanaokaa mbali ikiwa bado giza. Mtu akikosekana wiki mbili, apigiwe simu na aliyesimama naye karibu. Ulizia hali ya nyumbani kwanza, watoto, shamba, kliniki. Kisha mwambie kundi linakutana wapi na saa ngapi, na kwamba utakuwa nyuma pamoja naye.