Daktari Amebeba Faradhi Yetu: Hofu na Majeraha ya Nafsi Wakati wa Janga

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa njema zote ni za Allah, Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na maswahaba zake. Ama baad.



Darsa la toleo hili limetokana na swali. Mwenzetu mmoja wa kitivo cha udaktari aliniuliza tulipokuwa tunatoka msikitini: "Daktari Mwislamu akiingiwa na hofu wakati wa maradhi ya mlipuko, akawa halali usiku, analia peke yake, je, hiyo ni dalili ya imani dhaifu?" Mimi nasoma masomo ya Kiislamu, sisomi tiba, wala sitajifanya tabibu humu. Lakini swali hili linaihusu dini pia, na jibu ambalo watu hulitoa haraka haraka, hata misikitini, linaumiza. Basi tuliangalie kwa utulivu.

1. Yaliyowapata madaktari

Shirika la Afya Duniani lilitangaza korona kuwa janga la dunia tarehe 11 Machi 2020, na siku kumi baadaye Uganda ikathibitisha mgonjwa wake wa kwanza. Shirika hilo limekadiria kwamba kati ya Januari 2020 na Mei 2021 wahudumu wa afya baina ya 80,000 na 180,000 walifariki dunia kwa korona. Uingereza, miongoni mwa madaktari wa mwanzo kabisa kufariki mwezi wa Machi 2020 walikuwamo ndugu zetu Waislamu: Dk. Adil El Tayar na Dk. Amged El-Hawrani, wote wawili wenye asili ya Sudan, na Dk. Habib Zaidi, mwenye asili ya Pakistan. Allah awarehemu.

Hapa Uganda wengi tunakumbuka Juni 2021, wimbi la pili lilipopamba moto. Tarehe 18 ya mwezi huo nchi ilifungwa kwa siku 42. Sisi tulikaa majumbani, huku hospitalini vitanda na oksijeni vikiwa adimu. Vidonda vya korona havijapona, tarehe 20 Septemba 2022 Ebola ikatangazwa wilayani Mubende. Hii ilikuwa Ebola ya aina ya Sudan, ambayo haikuwa na chanjo iliyoidhinishwa. Hadi mlipuko ulipotangazwa kwisha tarehe 11 Januari 2023, walithibitishwa wagonjwa 142, na 55 kati yao walifariki. Wahudumu wa afya walioambukizwa walikuwa 19, na saba wakafa. Daktari wa kwanza kufariki alikuwa kijana wa Kitanzania aliyekuja nchini hapa kusomea upasuaji. Alikuwa mwanafunzi kama sisi, mbali na kwao.

Hao ni waliokufa. Darsa hili linawahusu waliobaki, wale waliowafunika wenzao shuka kisha wakarudi kwenye zamu.

2. Majeraha matatu

Imepokewa katika Sahihi Bukhari, kutoka kwa Anas (r.a.), kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa akikithirisha kumwomba Allah amkinge na hamm na hazan. Wanavyuoni wamefafanua kuwa hamm ni dhiki ya moyo kwa jambo linalotarajiwa kuja, na hazan ni dhiki kwa jambo lililokwisha pita. Tofauti hii inatusaidia sana kuelewa yaliyowasibu madaktari.

La kwanza ni wasiwasi wa lijalo. Daktari anaingia wodini huku anajiuliza kama barakoa yake imekaa sawa. Anarudi nyumbani, anavua nguo mlangoni, anaoga kabla ya kumgusa yeyote, na analala chumba cha peke yake asije akawaambukiza wazazi wake. Mtoto akimkimbilia, anarudi nyuma. Hofu ya siku moja humlinda mtu. Hofu ya miezi humla.

La pili ni kiwewe cha lililopita. Mgonjwa amekwisha zikwa, lakini daktari bado anamwona. Mlio wa mashine unamshtua hata akiwa sokoni. Anaota ndoto zile zile, anakwepa njia ipitayo karibu na wodi, au anakufa ganzi, hacheki wala halii. Wataalamu wa afya ya akili wanasema hali kama hii ikizidi mwezi mmoja na kumvurugia mtu maisha yake, hayo ni maradhi yanayohitaji tiba.

La tatu ni jeraha la dhamiri. Daktari wa akili wa Marekani, Jonathan Shay, alilieleza kutokana na kuwatibu askari waliopigana Vietnam: mtu huumia kwa kuona lililo haki likivunjwa, mbali na kuumia kwa hofu. Hospitalini lilikuja hivi: wagonjwa wawili, mtungi mmoja wa oksijeni. Daktari anajua kila mmoja wao anahitaji nini, na hana cha kumpa yule wa pili. Miezi baadaye bado anajihukumu, "Mimi ndiye niliyemuua." Ndugu yangu wa namna hii anahitaji kukumbushwa mwisho wa Suratul Baqara, kwamba Allah haikalifishi nafsi ila kwa kadiri ya uwezo wake. Oksijeni ambayo haikuwapo, hataulizwa yeye kwa nini hakuitoa.

3. Je, ni imani dhaifu?

Tuwatazame walio bora kuliko sisi. Katika Surat Taha, Nabii Musa (a.s.) aliingiwa na hofu nafsini mwake wachawi walipotupa kamba zao. Allah hakumvua utume kwa ajili hiyo, bali alimtuliza. Katika Surat Yusuf, Nabii Yaaqub (a.s.) alihuzunika mpaka macho yake yakawa meupe, na Qur'ani imemtaja kuwa ni mwenye subira njema. Katika Suratul Qasas, moyo wa mama yake Musa ulibaki mtupu kwa ajili ya mwanawe, mpaka Allah akautia nguvu. Na Mtume wetu (s.a.w.) alitokwa na machozi mbele ya maswahaba wake mwanawe Ibrahim alipokuwa anakata roho.

Kwa hiyo hofu na machozi havipimi imani. Subira ni kumtegemea Allah na kubaki katika twaa yake hali moyo unauma, na kutafuta tiba ni sehemu ya twaa hiyo. Tauni ya Amwas ilipoingia Sham katika zama za Sayyidna Umar (r.a.), alirudi na watu wake kutoka Sargh baada ya kushauriana, na akaeleza kuwa kujikinga nako kumo ndani ya kadari ya Allah. Aliyekubali hilo kwa mwili hana sababu ya kulikataa kwa nafsi.

Wala elimu hii si ngeni kwetu. Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 322 Hijria (934 Miladia), aliandika kitabu Masalih al-Abdan wal-Anfus, kinachoshughulikia maslahi ya miili na ya nafsi pamoja. Humo alizungumzia hofu, huzuni, hasira na wasiwasi kama hali zenye sababu na tiba zake, na akaeleza kuwa mtu huhitaji pia msaada kutoka nje ya nafsi yake, kwa ushauri wa wenye hekima.

4. Mtu mwenye jeraha la kichwa

Hapa ndipo moyo wa darsa letu. Abu Dawud amepokea kutoka kwa Jabir (r.a.) kisa cha mtu aliyepigwa na jiwe kichwani akiwa safarini. Akapata janaba usingizini, akawauliza wenzake kama ana ruhusa ya kutayamamu. Wakamjibu kuwa hawamwonei ruhusa, kwa kuwa maji yapo. Akaoga, akafa. Habari zilipomfikia Mtume (s.a.w.) alikasirika, akawahesabu wao kuwa ndio waliomuua, na akawafunza kuwa asiyejua tiba yake ni kuuliza.

Wale watu hawakuwa na nia mbaya. Walitaka dini isimamishwe. Lakini walimtwisha mwenye jeraha mzigo wa mzima. Sasa tujiulize: daktari anapotuambia halali, nasi tukamjibu "zidisha imani tu," halafu tukaondoka, tumefanya nini tofauti?

Mwezi wa Aprili 2020, Dk. Lorna Breen, aliyekuwa akiongoza idara ya dharura huko New York, alijitoa uhai. Alikuwa ameugua korona, akarudi kazini, akazidiwa. Familia yake imeeleza kuwa alihofia kupoteza kazi yake ikijulikana ametafuta tiba ya akili. Mwaka 2022 Marekani ikapitisha sheria yenye jina lake ya kulinda afya ya akili ya wahudumu wa afya. Hukumu ya kujiua katika Uislamu tunaijua sote. Tunachopaswa kujifunza hapa ni ule ukimya uliotangulia.

5. Deni letu

Imamu al-Ghazali katika Ihya Ulum al-Din ameihesabu tiba kuwa ni faradhi kifaya. Tena alilalamika kwamba watu wa zama zake walisongamana kwenye fiqhi na kuiacha tiba, mpaka miji mingine ikakosa tabibu Mwislamu. Sisi wa masomo ya dini tulisome hilo kwa unyenyekevu.

Maana ya faradhi kifaya ni kwamba wakiisimamia wachache, dhambi huwaondokea wengine. Basi ile Juni ya 2021, sisi tukiwa tumefungiwa ndani, kila saa aliyosimama daktari wodini alikuwa amebeba faradhi iliyokuwa pia shingoni mwetu. Aliyekubebea mzigo wako akiumia bega, hutamwambia kuwa bega lake halina imani. Utamwuliza anaumwa wapi.

6. Tufanye nini?

Kwanza, wewe unayesomea udaktari au uuguzi: ukiona dalili tulizozitaja, zungumza na mwenzako unayemwamini, na umwone mtaalamu mapema. Hapa nchini tunayo Hospitali ya Taifa ya Butabika kwa maradhi ya akili, na hospitali za rufaa za mikoa zina idara zake. Kwenda huko si aibu.

Pili, chukua rukhsa za sheria. Katika Sahihi Muslim, Ibn Abbas (r.a.) amesimulia kuwa Mtume (s.a.w.) alikusanya sala akiwa Madina pasipo hofu wala mvua, kwa kutotaka kuutia umma wake uzito. Kwa msingi huo wako wanavyuoni walioruhusu kukusanya kwa haja kubwa, kama aliye katika upasuaji mrefu, bila ya kuifanya mazoea. Muulize shekhe wako mambo yakiwa bado shwari, usingoje janga.

Tatu, maimamu na wahadhiri wetu wajifunze kusikiliza kabla ya kunasihi. Nne, jumuiya yetu iwe na watu maalumu wa kuwatembelea wenzetu walio kwenye mafunzo hospitalini, kuwapelekea futari, na kuwauliza hali zao, na wangoje jibu.

Maswali ya kujadili katika halaqa

1. Kuna tofauti gani kati ya hamm na hazan? Toa mfano wa kila moja kwa muuguzi wakati wa Ebola.
2. Kisa cha mwenye jeraha la kichwa kinatufunza adabu gani kwa anayetushtakia maumivu ya moyo?
3. Iwapo tiba ni faradhi kifaya, sisi tusioisoma tunadaiwa nini?

Ewe Mola wetu, warehemu waliokufa wakiwahudumia waja wako, watulize nyoyo waliobaki, na utujaalie tuwe wepesi wa kusikiliza na wazito wa kuhukumu. Amin.

Wabillahi tawfiq.