Moto wa Nyika: Mkanda Hukatwa Juni

Masika yakishakatika, nyasi za kijiji cha Genkuru hugeuka rangi ya simba. Mabua ya mahindi yamelundikwa nyuma ya jiko, ng'ombe wanapelekwa mbali kutafuta malisho, na upepo wa mchana unavuma utakavyo. Hapo moto hauhitaji mtu mbaya. Mrina asali ameacha mwenge chini ya mti. Mama amemwaga majivu ya asubuhi akidhani yamepoa, kumbe ndani kuna kaa. Mfugaji amewasha nyasi kavu ili zichipue upya.

Huyo mfugaji ndiye hulaumiwa zaidi, nami simtetei sana, ila kuchoma kwenyewe si ujinga. Hata wahifadhi wa Serengeti huchoma mapema, nyasi zikingali na unyevu, ili moto wa Septemba ukose chakula. Anayetaka kuchoma apite kwanza kwa mtendaji wa kijiji, awaambie majirani, achague asubuhi tulivu, na asiondoke mpaka moshi uishe.

Kazi kubwa ni mkanda wa kuzuia moto. Mwezi Juni, zunguka mji wako kwa jembe, ufyeke na kuparura hadi udongo uonekane. Upana uwe angalau mara mbili ya urefu wa nyasi, na penye mteremko ongeza, kwa sababu moto ukipanda mlima hukimbia kuliko mtu. Njia ya ng'ombe iliyokwisha kukanyagwa ni nusu ya mkanda tayari, ipanue tu. Mabua na kuni viondoe karibu na ukuta, hasa kama nyumba au ghala ni la nyasi.

Moto ukionekana, yowe lipigwe, kisha piga 114 kwa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Lakini msikae tu kulingoja gari la zimamoto. Moto wa Kilimanjaro wa Oktoba 2020, ulioanzia eneo la Whona na kuunguza takriban kilomita za mraba 95 juu ya mji wa Moshi, ulikabiliwa na mamia ya watu waliopanda kwa miguu, matawi na mapanga mikononi.

Wazee, watoto na wagonjwa waondoke kwanza. Zizi lifunguliwe na kamba zikatwe. Ng'ombe atajitafutia njia. Wanaozima wavae pamba, si nailoni, ambayo huyeyukia mwilini. Msiukabili moto usoni. Ingieni kutoka nyuma, mahali palipokwisha kuungua, mkaufinye ubavuni kwa matawi mabichi: bonyeza na kuburuta, usipige juu juu, utarusha cheche. Upepo ukigeuka, rudini kwenye majivu, huko hakuna tena cha kuungua. Jua likizama moto hulegea. Hiyo ndiyo saa ya kuumaliza.

Aliyeungua amwagiwe maji safi ya kawaida kwa dakika 20, afunikwe kitambaa safi, apelekwe zahanati. Dawa ya meno na mafuta ya kupikia viacheni nyumbani.

Moto ukishazimwa, bado kuna visiki. Kisiki hufuka chinichini siku mbili tatu, na upepo wa mchana mmoja unatosha kukifufua. Kimwagieni maji, kifukieni udongo, na pangeni watu wawili wa kukilinda usiku.