Safu si kielekezi: kwa wanaoanza lugha ya C

Wanafunzi wa kompyuta mjini Kisangani, ambao husoma kwa Kifaransa, huambiwa mapema kwamba safu (tableau) ni kielekezi (pointeur). Kauli hiyo ina ukweli nusu, na ile nusu nyingine ndiyo inayoangusha programu zao.

Chukua maporomoko ya Boyoma. Kati ya Ubundu na Kisangani yako saba, la mwisho likiwa Wagenia. Ukitaka kuhifadhi kimo cha kila moja, utaandika:

int kimo[7];

Hapo umeomba nafasi saba za namba nzima, zilizopangana bila pengo. Kwenye kompyuta nyingi za leo kila nafasi huchukua baiti 4, jumla 28. Hesabu huanzia sifuri, kwa hiyo Wagenia ni kimo[6]. Nafasi kimo[7] haipo, lakini C haikuzuii kuiandika. Programu inaweza kukupa namba isiyo na maana, ikaharibu data iliyo jirani, au ikafa papo hapo. Mbaya zaidi, inaweza kuonekana nzima leo na kufa siku ya kuiwasilisha kwa profesa.

Kielekezi ni kigeu kinachobeba anwani ya mahali fulani kwenye kumbukumbu ya kompyuta:

int *p = kimo;

Sasa p ina anwani ya kimo[0], na *p husoma kilichomo humo. Ukiandika p + 1 husogei baiti moja. Unasogea namba nzima moja, yaani baiti 4, kwa sababu kompaila inajua p inaelekeza kwenye int. Ndiyo maana kimo[3] na *(kimo + 3) ni jambo lile lile. Hata 3[kimo] inakubalika, ingawa sioni sababu ya kumtesa msomaji wako hivyo.

Mkanganyiko huu una historia. Katika B, lugha ya Ken Thompson iliyoitangulia C, kila safu ilikuwa na kielekezi chake halisi kilichohifadhiwa kwenye kumbukumbu. Dennis Ritchie, alipokuwa akiunda C huko Bell Labs, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1970, alikiondoa. Akaweka kanuni kwamba jina la safu, likitumika ndani ya hesabu, hugeuka kuwa anwani ya kipengele cha kwanza. Hugeuka tu, safu yenyewe inabaki safu. Kwa hiyo sizeof kimo, yaani ukubwa wake kwa baiti, ni 28, ilhali sizeof p kwenye mashine ya biti 64 ni 8. Tena p = kimo inaruhusiwa, lakini kimo = p kompaila itaikataa.

Penye mtego mkubwa ni kwenye funksheni. Ukiandika void chapisha(int kimo[7]), ile 7 haina kazi yoyote: kinachopokelewa ni int *kimo. Ukipima sizeof humo ndani utapata 8, na kitanzi chako kitahesabu vibaya. Dawa ni kupeleka idadi pamoja na safu: void chapisha(int *kimo, size_t n).

Maneno nayo yana tofauti hiyo hiyo. char a[] = "Boyoma"; hutengeneza safu ya baiti 7, herufi sita na sifuri ya kufunga, nawe uko huru kubadilisha a[0]. Lakini char *b = "Boyoma"; huelekeza kwenye maandishi yasiyotakiwa kuguswa; ukijaribu kubadilisha b[0], Linux kwa kawaida itaiua programu.

Huhitaji kompyuta ghali kuyajaribu haya. Simu ya Android yenye programu ya Termux inaweza kuwekewa kompaila ya clang, na baada ya hapo unafanya kazi bila intaneti. Daima kompaili kwa -Wall -Wextra na usome kila onyo. Kwenye Linux ongeza -g -fsanitize=address: programu ikigusa kimo[7] itasimama na kukuonyesha mstari wenye kosa.

Na ukikuta funksheni ya gets katika daftari la zamani, usiitumie. Husoma maneno bila kujua ukubwa wa safu inayoyapokea. Mwaka 1988 mnyoo wa Morris, programu iliyojisambaza yenyewe, uliitumia kasoro hiyo kuingia kwenye kompyuta za watu, na kiwango cha C cha mwaka 2011 kiliifuta kabisa. Tumia fgets, ambayo hudai kwanza uitajie ukubwa.