Mwanagenzi wa Tovuti na Lugha ya Mafunzo Yake: Masuala ya Istilahi na Maelezo katika Kiswahili

Ikisiri

Makala haya yanachunguza nyenzo za bure zinazopatikana katika intaneti ambazo aghalabu hutegemewa na mtu anayeanza kujifunza kutengeneza tovuti, na kuuliza ni kwa kiasi gani nyenzo hizo zinaweza kumfaa mwanagenzi anayefikiri kwa Kiswahili. Hoja inayojengwa ni kwamba kikwazo kikubwa hakimo katika maneno machache ya msimbo, bali kimo katika nathari ya maelezo inayoyazunguka. Na kwamba istilahi nyingi za kujengea nathari hiyo zimekwisha kupatikana katika isimu ya Kiswahili, ingawa hazijatazamwa kwa jicho hilo.

1.0 Utangulizi

Mwaka 1989 Tim Berners-Lee, akiwa CERN mjini Geneva, alipendekeza utaratibu wa kuunganisha hati zilizotawanyika katika kompyuta mbalimbali. Maelezo ya awali ya lugha ya HTML yaliyotolewa mwaka 1991 yalikuwa na lebo 18 tu. JavaScript ilifuata mwaka 1995, na toleo la kwanza la CSS likaidhinishwa mwezi Desemba 1996. Hadi leo mafunzo ya awali ya utengenezaji wa tovuti hujengwa juu ya mafiga hayo matatu: HTML hueleza kila sehemu ya matini ni nini, CSS hueleza sehemu hiyo ionekaneje, na JavaScript hueleza itende nini.

Kwa mwanaisimu, jambo la kuzingatia mapema ni kwamba HTML si lugha ya programu kwa maana kamili ya neno hilo. Ni mfumo wa kuainisha matini. Anayeandika HTML hatoi amri. Anasema kwamba kifungu hiki ni kichwa, hiki ni aya, hiki ni orodha. Kazi hiyo haiko mbali na uchanganuzi wa sentensi unaofanywa darasani, na ukaribu huo ndio unaohalalisha mjadala huu katika jarida la lugha.

2.0 Nyenzo zilizopo

Wanagenzi wa miaka ya mwanzo ya wavuti walijifunza kwa kufungua msimbo wa kurasa za watu wengine na kuuiga. Njia hiyo ingalipo, kwa kuwa kila kivinjari cha kompyuta huruhusu msomaji kuuona msimbo wa ukurasa anaousoma. Hata hivyo, kurasa nyingi za siku hizi huandikwa na programu, si kwa mkono, hivyo kwamba anayezifungua hukutana na msitu usiopitika. Mwanagenzi anahitaji matini zilizoandikwa kwa ajili yake.

Kati ya matini hizo, nne zinastahili kutajwa. W3Schools, iliyoanzishwa nchini Norwei mwaka 1998, hutoa masomo mafupi pamoja na nafasi ya kujaribu msimbo papo hapo. Jina lake huwafanya wengi wadhani kuwa ni tawi la W3C, taasisi inayosimamia viwango vya wavuti, lakini hakuna uhusiano baina ya taasisi hizo mbili. MDN, iliyoanzishwa na Mozilla mwaka 2005, ni marejeo ya kuaminika zaidi na ina sehemu maalumu ya wanaoanza. Kasoro yake ni kwamba hudhani msomaji ana subira ya kusoma nathari ndefu ya Kiingereza. The Odin Project na freeCodeCamp, zilizoanza mwaka 2013 na 2014, ni mitalaa kamili: hupanga masomo kwa ngazi na kumdai mwanafunzi kazi anazozitengeneza mwenyewe. Ya pili hutoa na vyeti bila malipo.

Penye gharama kubwa ya data, DevDocs ina faida ya pekee. Hukusanya marejeo ya lugha nyingi za kompyuta na kuyahifadhi ndani ya kivinjari, yakasomeka hata mtandao unapokatika. Haifundishi, bali hukumbusha. Mwanagenzi wa wiki ya kwanza hataielewa. Wa mwezi wa tatu hataiacha.

Je, Kiswahili kina nafasi gani humo? MDN hutafsiriwa katika lugha kadhaa, kama vile Kifaransa, Kijapani na Kireno cha Brazili, lakini Kiswahili hakimo. Stack Overflow, jukwaa la maswali na majibu lililoanzishwa mwaka 2008, lina matoleo ya Kihispania, Kireno, Kirusi na Kijapani. freeCodeCamp imekiingiza Kiswahili miongoni mwa lugha za mradi wake wa tafsiri, na hiyo ni hatua ya kupongezwa. Scratch, inayotumiwa zaidi na watoto, ina toleo la Kiswahili, lakini haifundishi kutengeneza tovuti.

3.0 Maneno ya msimbo na maneno ya maelezo

Mara nyingi husemwa kwamba Mswahili hukwama kwa sababu msimbo wenyewe ni Kiingereza. Dai hilo lina ukweli nusu. Lebo za HTML sasa zimepita 100, lakini anayeanza hutumia labda 20 kati yake, na nyingi si maneno bali ni vifupisho: "p", "li". Mwingereza naye hapana budi afundishwe maana ya "li". Ni kweli kwamba "table" na "title" humsaidia yeye zaidi, ila msaada huo humalizika haraka.

Tena, Kiingereza cha shuleni hakimwokoi mwanafunzi wa Afrika Mashariki kama inavyodhaniwa. Amefundishwa tahajia ya Kiingereza cha Uingereza. Anapoandika "colour" mahali ambapo CSS hudai "color", kivinjari hakimkemei; huliruka tu agizo hilo na kuendelea. Rangi haibadiliki, na mwanafunzi hajui kwa nini. HTML na CSS zimesanifiwa zivumilie makosa, na uvumilivu huo ambao ni rehema kwa msomaji wa ukurasa ni adhabu kwa anayejifunza kuuandika.

Utafiti wa Philip Guo (2018), uliowahusisha watu 840 kutoka nchi 86, uliwakuta wasemaji wa lugha nyingine wakilalamikia kusoma matini za kufundishia, kuwasiliana kitaalamu, kusoma na kuandika msimbo, na mzigo wa kujifunza Kiingereza na programu kwa wakati mmoja. Msimbo umo katika orodha hiyo, lakini umezungukwa na mambo ya nathari. Utafiti wa Dasgupta na Hill (2017) juu ya Scratch unaweza kuonekana kuipinga hoja hii, kwa kuwa ulibaini kwamba wanagenzi waliotumia maneno ya msimbo ya lugha kuu ya nchi yao walionyesha dhana mpya kwa kasi kuliko wenzao wa nchi hizo hizo waliotumia Kiingereza. Lakini katika Scratch maneno ya msimbo na mazingira yote ya kazi hubadilishwa lugha kwa pamoja, na vibao vyake husomeka kama sentensi. Matokeo hayo hayaonyeshi ni kiasi gani cha nafuu kilitokana na maneno ya msimbo peke yake.

Felienne Hermans wa Uholanzi alibuni mwaka 2020 lugha ya kufundishia iitwayo Hedy, ambayo maneno yake ya msimbo huweza kuandikwa katika lugha ya mwanafunzi. Kwa darasa la watoto, njia hiyo inafaa. Kwa HTML haiwezekani: vivinjari vya dunia nzima vinatambua lebo zile zile tu, na ukurasa utakaoandikwa "aya" badala ya "p" hautatambuliwa kuwa na aya. Kwa hiyo, juhudi ya Kiswahili ielekezwe katika maelezo.

4.0 Istilahi za mtumiaji na istilahi za mtengenezaji

Kiswahili hakijalala katika uwanja wa kompyuta. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa mwaka 2004 programu za ofisi zilizotafsiriwa kwa Kiswahili kwa jina la Jambo OpenOffice. Maneno kama kivinjari, kiungo, tovuti, nywila na bofya yamekwisha kuenea. Jozi ya "pakia" na "pakua" ni mfano bora wa uundaji wa istilahi: ni maneno ya chombo na shehena, na la pili ni la chungu na sahani pia, yamepewa kazi mpya bila kupotoshwa. Ushindani wa "kompyuta", "tarakilishi" na "ngamizi" umejadiliwa vya kutosha kwingineko. Wanafunzi wanaelewana bila kuungoja umalizike.

Upungufu uliopo ni wa aina nyingine. Istilahi zilizoundwa karibu zote ni za mtumiaji, yaani mtu anayebofya, anayefungua na anayehifadhi. Mtengenezaji wa tovuti huhitaji kutaja vitu ambavyo mtumiaji havioni. Hapo ndipo walimu huanza kuchanganya lugha.

Katika HTML kuna lebo ya kufungua, lebo ya kufunga, na kitu kizima kinachoundwa na lebo hizo pamoja na vilivyomo ndani yake. Walimu wengi huviita vyote "tagi", na mwanafunzi hupoteza tofauti ya msingi. Isimu ina neno "kipashio", ambalo lingefaa kwa kile kitu kizima, na "lebo" ikabaki kwa alama zake mbili. Ndani ya lebo ya kufungua huweza kuandikwa taarifa za ziada: kiungo kinaelekea wapi, picha imetoka wapi. Katika CSS nako kuna taarifa za rangi, upana na nafasi. Dhana hizi mbili ni tofauti, nazo zote hutafsiriwa "sifa". Makala haya yanapendekeza "kibainishi" kwa ile ya HTML, na "sifa" ibaki kwa ile ya CSS. Wanaisimu watasema kibainishi kina kazi yake katika kirai nomino. Ni kweli, lakini muktadha unatosha kuondoa utata, kama unavyotosha kwa "mzizi" wa neno na wa mti. Sehemu ya CSS inayotaja vipashio vinavyoguswa na kanuni inaweza kuitwa "kiteuzi".

Faida ya kukopa kutoka isimu si majina tu, bali na mifano. Dhana ya lebo mbili zinazokumbatia maudhui humtatiza mwanagenzi, naye huisahau ile ya kufunga. Ukanushi wa Kiswahili unalieleza jambo hilo vizuri. Katika "hasomi", ukanushi uko pande zote mbili za mzizi: "ha-" mwanzoni na "-i" mwishoni. Mwenye kusema "hasoma" ameacha lebo wazi. Na kama ilivyo katika HTML, ambamo lebo ya picha haina ya kufunga, vitenzi vyenye asili ya Kiarabu kama "hafikiri" na "hasamehe" havibadilishi mwisho wake, wala hakuna anayeona kasoro.

Mfano wenye uzito zaidi ni ule wa makundi ya CSS. Mtengenezaji huvipa vipashio kadhaa jina moja la kundi, kisha huandika kanuni moja inayoathiri vyote. Mwalimu anaweza kuanza na "kitabu kizuri kimepotea" na "vitabu vizuri vimepotea", akaonyesha jinsi ngeli inavyotawala umbo la kivumishi na kitenzi. Je, basi kundi hilo liitwe "ngeli"? Kishawishi ni kikubwa, lakini kinafaa kukataliwa. Nomino haichagui ngeli mbili kwa pamoja katika matumizi mamoja, ilhali kipashio cha HTML huweza kuwekwa katika makundi matatu au manne bila mgogoro. Istilahi yenye mfanano wa robo tatu hupotosha kuliko isiyofanana kabisa. Ngeli itumike kama mfano wa darasani. Jina libaki "kundi".

5.0 Lugha ya ukurasa

Kuna athari moja ya mafunzo ya Kiingereza ambayo haijatazamwa vya kutosha, nayo inakigusa Kiswahili chenyewe. Vielelezo vingi vya kuanzia huwa na kibainishi "lang" katika lebo ya kwanza kabisa, kikiwa na thamani "en", yaani Kiingereza. Mwanagenzi hukinakili kama kilivyo, akaandika chini yake Kiswahili fasaha. Ukurasa unaonekana sawa. Kwa mashine, umetangazwa kuwa wa Kiingereza.

Anayeumia kwanza ni msomaji asiyeona. Programu ya NVDA, inayosoma kurasa kwa sauti, hufuata tangazo hilo inapochagua matamshi, na kisemeshi cha eSpeak NG kilichomo ndani yake kina Kiswahili. Ukurasa ulioandikwa "sw" husomwa kwa irabu za Kiswahili. Ulioandikwa "en" huyageuza "pole", "wake" na "vile" kuwa maneno ya Kiingereza yenye silabi moja moja, na sentensi nzima ikawa kelele. Mwongozo wa W3C kuhusu ufikivu wa wavuti unadai lugha ya kila ukurasa itangazwe kwa namna inayotambulika na mashine. Kosa hili linalivunja dai hilo kwa herufi mbili tu.

Marekebisho yake humchukua mwalimu dakika moja, lakini yanafungua swali la kiisimu. Msimbo "sw" hujumuisha Kiswahili chote. Kiwango cha ISO 639-3 hutenganisha "swh", yaani Kiswahili cha pwani na cha sanifu, na "swc", yaani Kiswahili cha Kongo, na kuviweka vyote chini ya "swa". Mwandishi wa Lubumbashi anayetengeneza ukurasa kwa lugha ya nyumbani kwake anaweza kuandika "swc" kwa usahihi kamili, akakuta kisemeshi hakina matamshi ya lahaja hiyo. Akiandika "sw-CD" ataonyesha nchi, na programu nyingi zitarejea katika "sw". Kwa msomaji wake asiyeona, chaguo la pili linafaa zaidi leo, ingawa la kwanza ndilo linaloitaja lahaja yake kwa jina.